Dawa ya Deni ni Kulipa: Vijana na Vidonge vya "Nguvu"

Bismillahi Rahmani Rahim.

Maneno haya niliyasema kwanza katika kikao cha vijana baada ya swala ya Alasiri, na wahariri wakaniomba niyaandike ili wasiohudhuria nao wayapate. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka. Kwa hivyo ukiona nazungumza nawe kana kwamba umekaa mkekani mbele yangu, ndivyo ilivyokuwa.

Siku ile nilianza kwa swali. Niliwaambia anyooshe mkono yeyote ambaye mwezi huu amenunua kitu cha kumwongezea nguvu: vidonge vya vitamini, unga wa mlonge, kapsuli za ginseng, kinywaji cha kopo, chochote. Mikono ilinyanyuka mingi, ya akina kaka na akina dada. Basi ujue kwamba sikuja kumcheka mtu. Mkono wangu mimi ungekuwa wa kwanza mwaka juzi.

YALIYONIPATA

Ramadhan ya mwaka 2024 iliingia mwezi wa Machi, nami niko mwaka wa pili chuoni Nairobi, mbali na nyumbani Kisauni. Mitihani ilikuwa mlangoni. Nilikuwa nimechoka, lakini si ule uchovu wa mtu aliyefunga na kusoma. Nikipanda ngazi za maktaba, ghorofa moja tu, moyo unadunda kama niliyekimbia. Nikiinuka ghafla, macho yanaingia kiza. Tarawehe naswali rakaa nne, zilizobaki nimeegemea ukuta. Mwenzangu mmoja, na najua alikuwa na nia njema, akaniambia, "Dadangu, huo ni udhaifu wa imani. Jikaze." Wallahi usiku ule nililia, manake nilimwamini.

Bwenini kwetu palikuwa na msichana akiuza kapsuli za mitishamba. Chupa imeandikwa kwamba inaondoa stresi, inaongeza nguvu, inaamsha akili na kusafisha damu. Nikajiambia, hizi ndizo zangu. Bei Sh 2,800. Mkopo wa HELB ulikuwa haujaingia, nikampigia mamangu, ambaye anauza mahamri na viazi karai. Sikumwambia ukweli. Nilimwambia ni pesa za vitabu. Alinitumia siku ile ile kwa M-Pesa, akaniandikia, "Soma mwanangu." Na mimi nimefunga!

Nikawa nameza kila usiku baada ya futari. Wiki ya kwanza nilihisi nafuu. Leo nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimeshalipa, na moyo uliolipa hutafuta faida hata pasipokuwa nayo. Wiki ya tatu nilianguka nikitia udhu, na wenzangu wakanibeba hadi zahanati.

Daktari hakuniuliza habari za imani. Alivuta ukope wangu wa chini akatazama rangi ya ndani, akaniuliza mambo yetu ya kila mwezi yanakwendaje, akaniuliza daku nakula nini, kisha akaagiza nipimwe damu. Himoglobini yangu ilikuwa 8.6. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12 ana upungufu wa damu, na mwanamume ni chini ya 13. Mwili wangu ulikuwa unalia kwa kukosa madini ya chuma. Niliporudi bwenini nikaisoma ile chupa vizuri, mstari kwa mstari. Haikuwa na hata chembe ya chuma ndani yake.

Tokea siku ile nimesoma sana habari za vitu hivi, na ninayokuletea hapa ndiyo niliyoyapata.

ADAPTOJENI NI KITU GANI?

Kwenye chupa nyingi za siku hizi utakuta neno adaptojeni. Ni neno lililotokea Umoja wa Kisovyeti. Mwaka 1947 mtaalamu aitwaye Nikolai Lazarev alitafuta jina la vitu vinavyoweza kuusaidia mwili kustahimili mashaka ya kila namna: baridi, kazi nzito, sumu, wasiwasi. Baadaye mwanafunzi wake, Israel Brekhman, alifanya utafiti mwingi kule Vladivostok juu ya mmea unaoitwa eleuthero, ambao wafanyabiashara waliuita ginseng ya Siberia ingawa si ginseng halisi.

Wazo lao lilijengwa juu ya kazi ya Hans Selye, ambaye mwaka 1936 aliandika kwamba mwili ukibanwa na shida hupitia hatua tatu: kwanza hushtuka, kisha hustahimili, na shida ikiendelea sana huchoka kabisa. Tezi zilizo juu ya figo humwaga kemikali kama kotisoli, moyo huenda mbio, sukari hupanda, mtu awe tayari kupambana au kukimbia. Ni mpango mzuri wa Mola wetu ukikutana na nyoka njiani. Ukiendelea miezi mitatu kwa sababu ya mtihani na kodi ya chumba, mwili unaumia.

Sasa, je, upo mmea unaoituliza hali hiyo? Jibu la haki ni kwamba hatujafika pa kusema ndiyo kwa nguvu zote. Mwaka 2008 Shirika la Dawa la Ulaya liliuchunguza msamiati huu likasema adaptojeni si neno linalokubalika katika elimu ya dawa na matibabu, manake halijafafanuliwa na kuthibitishwa vya kutosha. Hii haina maana kwamba kila mmea wenye jina hilo ni uongo. Maana yake ni kwamba neno lilikimbilia sokoni kabla ushahidi haujafika.

MIMEA YENYEWE

Ashwagandha ndiyo maarufu zaidi. Ni mzizi unaotumika India tangu zamani, na jina lake kwa Kisanskriti lina maana ya harufu ya farasi. Wengi hawajui kwamba mmea huu huota wenyewe hata hapa Kenya. Upo utafiti uliofanywa kwa vikundi vidogo vya watu, kwa wiki chache tu, ulioonyesha kwamba huweza kupunguza wasiwasi na kusaidia usingizi. Hilo tusilikatae. Lakini hatujui unamfanya nini mtu anayeumeza mwaka mzima. Wako waliodhurika ini, ingawa ni wachache. Huweza kugusa kazi ya tezi ya thairoidi iliyo shingoni, na wajawazito wanakatazwa. Denmark iliupiga marufuku mwaka 2023. Tena huleta usingizi! Fikiria mimi niliyetaka kukesha nikisoma, nimekwenda kununua kitu cha kunilaza.

Ginseng hutoka Korea na China. Wapo wanaosema inawachangamsha, lakini pia huweza kumnyima mtu usingizi, huweza kushusha sukari ya anayetumia dawa za kisukari, na huweza kuvuruga dawa ya kuzuia damu isigande. Kama nyumbani kuna mzee mwenye maradhi ya moyo au kisukari, usimpelekee chupa ya ginseng kama zawadi ya Idi bila kumuuliza daktari wake.

Mlonge, ambao wengine huuita mzunze, tunao wenyewe. Majani yake ni mboga nzuri sana. Upike, uutie nazi, ule. Mboga ni mboga, lakini, haitakuwa dawa ya magonjwa mia kwa sababu imesagwa ikatiwa kwenye kopo na kuongezwa bei mara kumi.

Na habba sauda? Hadithi yake iko katika Sahihi Bukhari na kila mtoto wa madrasa anaijua. Siiondoi mezani kwako. Ninachokumbusha ni kwamba Mtume (SAW) huyo huyo alihimiza watu watafute matibabu. Kula habba sauda yako, na damu nenda ukapime. Hayo mawili hayagombani.

VITAMINI ZINAFANYA NINI?

Hapa wengi tunakosea. Tunadhani vitamini ni nguvu. Nguvu ya mwili inatoka kwenye chakula: wanga, mafuta na protini. Vitamini ni kama fundi anayewasha jiko, si kuni. Ukiwa na mafundi kumi na kuni hakuna, ugali hauivi. Na ukiwa fundi unaye tayari, kumwongeza wa pili hakuongezi moto.

Vitamini za kundi B na vitamini C huyeyuka kwenye maji. Ukizidisha, nyingi hutoka na mkojo. Ndiyo maana ukimeza vitamini B mkojo unakuwa wa manjano kali. Hiyo si "sumu inatoka" kama tunavyoambiwa. Ni pesa zako zinatoka. Lakini usidhani hazidhuru kabisa. Vitamini B6 ikizidi sana kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, mtu akawa na ganzi mikononi na miguuni. Vitamini A, D, E na K nazo hukaa kwenye mafuta ya mwili na hurundikana. A ikizidi ni hatari kwa mtoto aliye tumboni.

Tuwe waadilifu, wapo wanaozihitaji kweli. Mwanamke anayetarajia kushika mimba hushauriwa atumie asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, kumkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa anahitaji vitamini B12. Mzee aliyetumia metformin miaka mingi kwa ajili ya kisukari huweza kupungukiwa B12 pia. Na anayeshinda ndani mchana kutwa, au akitoka amejifunika, huweza kukosa vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza ikipata jua. Hawa wote wana sababu inayojulikana, na zaidi yao wanaweza kupimwa. Tofauti kati yao na mimi wa 2024 ni kwamba mimi nilinunua kwanza, kupima kukaja baadaye.

DENI LA USINGIZI

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Mwanafunzi wa Ramadhan analala saa sita za usiku baada ya tarawehe na soga, anaamka saa kumi kula daku, anaswali Alfajiri, saa mbili asubuhi yuko darasani. Saa nne za usingizi kwa siku thelathini. Halafu tunauliza, nimeze nini? Ndugu yangu, hakuna mzizi duniani unaolipa deni la usingizi. Huweza kulifunika tu.

Chai, kahawa na vinywaji vya kopo vina kafeini. Kafeini haiondoi uchovu. Huiziba ile ishara inayouambia ubongo kwamba umechoka. Kwa watu wengi nusu yake bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Ukinywa kopo saa nne ya usiku baada ya tarawehe, saa tisa bado inakugongea mlango. Kile kichwa kinachotuuma siku za mwanzo za Ramadhan, kwa wengi wetu ni kafeini tuliyoizoea asubuhi inadai haki yake. Tiba yake ni kuanza kupunguza wiki mbili kabla ya mwezi kuingia. Miraa na muguka siongezi mengi. Nguvu yake ni ya mkopo, inamfukuza mtu usingizi na hamu ya chakula kwa pamoja, na riba yake tunaiona mitaani kwetu.

Madrasani tulisoma kisa cha Salman na Abu Dardaa, Mungu awe radhi nao. Abu Dardaa alikuwa akifunga kila mchana na kusimama kila usiku. Salman alipomtembelea, usiku ulipoingia alimzuia kusimama, akamwambia alale kwanza, wakaamka pamoja mwisho wa usiku. Akamkumbusha kwamba nafsi yake ina haki juu yake, na Mtume (SAW) alipoelezwa alisema Salman amesema kweli. Nilikisoma kisa hiki nina miaka kumi, nikakihifadhi kwa ajili ya mtihani wa madrasa. Sikujua kwamba kilikuwa kinanihusu mimi.

Kwa hivyo panga usingizi wako vipande viwili au vitatu. Lala mapema baada ya tarawehe, simu uiweke mbali. Lala kidogo kailula, hata dakika ishirini. Daku usiiache, na isiwe chai na mahamri peke yake. Weka yai, maharagwe au mtindi, na tunda. Tende mbili tatu wakati wa kufuturu hukupa sukari ya haraka, na maji uyanywe kidogo kidogo toka Magharibi hadi daku badala ya kumimina jagi zima adhana ikikaribia.

Na chai! Hapa ndipo nilipojiangamiza. Chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe, kunde na mchicha. Mimi daku chai, futari chai. Daktari aliniambia chai ikae mbali na chakula, angalau saa moja au mbili, na chakula nikikamulie ndimu, manake vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Maini na nyama nyekundu, hata kidogo kwa wiki, husaidia zaidi.

KABLA HUJAMEZA, JIULIZE

Kwanza, nimepimwa? Ukiwa na uchovu usioisha kwa wiki kadhaa, moyo kwenda mbio, kupungua uzito, kiu isiyokwisha au kukojoa sana, hiyo ni kazi ya maabara. Huweza kuwa upungufu wa damu, kisukari, malaria, kifua kikuu au thairoidi.

Pili, nani anaiuza, na anapata nini? Anayekuuzia akikwambia inatibu kila kitu, na tena akakuomba ujiunge uuze nawe, hapo ondoka. Dawa nchini husajiliwa na Bodi ya Famasi na Sumu. Nenda kwa mfamasia ukamuulize.

Tatu, kuna nini ndani? Sehemu nyingi duniani vyombo vya serikali vimekamata "mitishamba" ya nguvu za kiume iliyotiwa dawa za hospitali kwa siri. Dawa hizo, zikikutana na dawa za moyo zenye naitreti, huweza kuua. Kaka zangu, nanyi nawaambia wazi.

Nne, kapsuli yenyewe imetengenezwa na nini? Nyingi ni jelatini, na jelatini huweza kutoka kwa nguruwe. Zipo za mimea. Soma, tafuta alama ya halali, uliza.

Tano, natumia dawa nyingine? Mwambie daktari kila unachomeza, hata kama ni "mti tu". Mti nao una kemikali.

Sita, na hili ndilo zito, ni kweli nimechoka mwili, au nimelemewa? Kama unaamka huna hamu na chochote, unalia bila sababu, au unafikiria bora usingekuwepo, tafadhali usijifiche nyuma ya chupa. Zungumza na mzazi, na maalim unayemwamini, na mshauri wa chuo, na daktari. Kuomba msaada si upungufu wa imani.

MWISHO WA KISA

Vidonge vya chuma vya mwezi wa kwanza vilinigharimu Sh 300. Nilivitumia miezi mitatu, usiku wakati wa Ramadhan, kwa juisi ya chungwa. Kwa ushauri wa daktari, na baada ya kumuuliza ustadha wangu, nilifungua siku nane. Baada ya Idi, nilipopata nguvu, nikazilipa. Kipimo cha mwisho kilikuwa 12.4, na ngazi za maktaba nazipanda nikizungumza na simu.

Lilibaki deni moja. Nilipokwenda nyumbani nilimkuta mamangu anasukuma mahamri saa kumi na moja alfajiri. Nikakaa karibu yake nikamwambia habari ya zile Sh 2,800. Alinyamaza, akaendelea kusukuma. Kisha akasema, "Ungeniambia unaumwa, ningekuja mwenyewe." Hilo tu. Siku nzima sikuweza kula.

Ndugu msomaji, kama nawe umechoka, usianze na chupa. Anza kwa kumwambia mtu. Kisha lala, kula, upime. Kitakachobaki baada ya hapo, daktari atakusaidia kukichagulia dawa.

Mwenyezi Mungu atupe afya ya kumwabudu, awaponye wagonjwa wetu, na azipokee funga zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.